Nililaumu kanda bure: uzoefu wangu wa kuhamisha video za MiniDV

Kile kifaa cha USB chenye pini tatu za rangi, njano, nyekundu na nyeupe, nimekitumia wiki sita. Nakipa nyota mbili, na moja ni ya waya zake, maana ni imara kweli.

Nilikinunua ili nihamishie kanda zangu za MiniDV, zile kanda ndogo za kamera ya video, kwenye kompyuta. Kukitumia hakuna kazi: unachomeka, unabonyeza kitufe chekundu, basi. Shida ni picha. Nyuso zilitoka kama zimepakwa mafuta, wekundu wa nguo ulivujia ukutani, na mtoto akikimbia kingo za mwili wake zilifanya meno kama chanuo. Nikasema kanda zimechoka. Baadaye nikageukia ubanaji wa faili, nikapandisha kiwango cha data mara tatu. Faili likanenepa, picha ikabaki ileile.

Kilichonizindua ni kioo kidogo cha kamera. Kanda ileile, dakika ileile, na pale picha ilikuwa safi!

MiniDV ni digitali tangu inaporekodiwa: picha ya megabiti 25 kwa sekunde, pikseli 720 kwa 576 kwa kamera ya PAL (mfumo mmojawapo wa televisheni) kama yangu. Nikitumia kile kifaa, kamera inaigeuza kwanza kuwa analogi, inaipitisha kwenye waya wa njano ambamo mwanga na rangi vinasafiri vimechanganyika, kisha kifaa kinairudisha kuwa digitali na kuibana papo hapo. Kwa mwenye VHS huenda ni sawa, yeye hana njia ya digitali. Mimi nilikuwa nayo na sikujua.

Njia yenyewe si tundu la USB la kamera, maana langu linatoa picha za mnato tu. Ni lile dogo lililoandikwa DV, yaani FireWire, aina ya tundu linalopitisha data ya digitali. Nikafunga kadi ya FireWire kwenye kompyuta ya mezani, nikatafuta waya wenye pini 4 upande mmoja na 6 upande wa pili, nikatumia WinDV, programu ndogo isiyo na mapambo. Kanda ya saa moja inahama kwa saa moja na kula takribani gigabaiti 13. Hakuna kinachobanwa upya, data inanakiliwa tu kama ilivyo. Nyota tano, ingawa kompyuta ikielemewa na kazi nyingine fremu zinadondoka, kwa hiyo iache peke yake.

Meno ya chanuo hayakuondoka, lakini safari hii nilijua chanzo. Kamera hizi hupiga nusu picha 50 kwa sekunde, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu, na skrini ya kompyuta huonyesha nusu mbili kwa pamoja. Kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, nilichagua kichujio cha kuondoa meno hayo kiitwacho Bwdif na kukiweka Bob, ili kila nusu iwe fremu kamili. Nikashangaa mwendo bado unakwama. Kumbe mpangilio wa tayari niliouchagua ulikuwa na kikomo cha fremu 30; nikaweka 50, ukateleza. RF, kipimo cha ubora cha HandBrake, nikaishusha kutoka 22 hadi 18 (namba ikishuka ubora unapanda).

Kuna programu nyingine ya kuhariri niliyoijaribu, nikaiambia mistari ya juu itangulie. Kila kilichosogea kilitetemeka mbele na nyuma mpaka macho yakauma. DV hutanguliza mistari ya chini. Siku hiyo nilijilaumu mwenyewe.

Zilibaki kanda mbili zilizotoa vigae vya miraba hata kwenye kioo cha kamera, na hapo hakuna mpangilio wa kompyuta utakaosaidia. Moja ilipona nilipopitisha kanda ya kusafishia vichwa vya kamera vinavyosoma kanda kwa sekunde chache. Nyingine ilirekodiwa kwa LP (mwendo wa polepole, ili kanda ichukue muda mrefu zaidi) na kamera tofauti, na yangu haiisomi vizuri. Nasubiri kuazimwa kamera iliyoirekodi.