Apu ya bima ya afya kwa mzee: madai safi, kuingia ni mateso

Naipa nyota 3 kati ya 5 hii apu ya bima ya afya tunayotumia na mama, na hizo 3 ni za sehemu ya madai peke yake. Pale wamefanya kazi jamani. Zamani ukishapeleka karatasi za hospitali hujui zimefika au zimepotea, mama halali, simu ikiita tu anadhani wamemkatalia. Sasa unapiga picha risiti, unatuma, unaona imepokelewa, inakaguliwa, imelipwa. Kwa mtu mzima mwenye presha yake, kujua tu mambo yamefikia wapi kunampa usingizi.

Balaa ni kuingia kwenyewe. Wanataka alama ya kidole, na mtu aliyefua na kulima maisha yake yote ngozi imekauka, mistari imelika, simu inakataa inakataa mpaka inajifunga. Ukiacha hiyo wanatuma namba kwa meseji, mama avae miwani, atoke kwenye apu aende kwenye meseji, aikariri, arudi, akifika muda umeisha, anaanza upya na mikono inatetemeka. Siku moja akaiweka simu chini akasema "mwanangu hayo mi yamenishinda, fanya wewe". Iliniuma sana, huyu ndo alikuwa anashika hesabu za nyumba nzima, leo ili atibiwe lazima mie nione kila kipimo na kila dawa yake, hata yale ambayo mama hataki mtoto ayajue.

Maandishi nayo, ukiyakuza kwenye setingi kitufe cha kutuma kinatoka nje ya skrini. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, ule wa kufanya tovuti na apu zitumike na kila mtu hata mwenye ulemavu, unataka maandishi yakuzike mpaka asilimia 200 bila kitu kupotea, kwa hiyo inawezekana kabisa, hawajakaa na mzee wakamwangalia anavyotumia.

Na ukikwama unachati na roboti! Wekeni namba ya kupiga ukurasa wa kwanza, apokee mtu. Mruhusuni mwanafamilia awe na akaunti yake ya kutuma madai bila kuona majibu ya vipimo. Fomu za karatasi pia zibaki kwa anayezitaka.

Kama mzee wako simu haimpi shida jiungeni tu, madai yanaenda haraka. Kama macho na vidole vimechoka, pigeni kwanza huduma kwa wateja muone kama kuna anayepokea, ndo mlipe.