Phyphox: programu ya bure inayomaliza ubishi wa mwendo na mchapuko

Nafundisha fizikia sekondari, hapa Morogoro, na mada inayonitoa jasho kila mwaka ni mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika kila sekunde. Mwanafunzi anaandika kanuni zote bila kukosea. Muulize sasa: basi linalotembea kilomita 80 kwa saa, halipunguzi wala haliongezi, tena barabara imenyooka, mchapuko wake ni kiasi gani? Anakujibu kwamba ni mkubwa sana. Phyphox inamwonyesha kwamba ni sifuri, na anaiona mwenyewe.

Imetengenezwa Ujerumani, Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, na ilitoka mwaka 2016. Ipo ya Android na ya iPhone. Hailipiwi, haina matangazo, na ukishaipakua majaribio yake hayali bando. Kazi yake ni kusoma vihisi (sensa) ambavyo tayari vimo ndani ya simu.

Safari ya Dodoma ndiyo darasa langu zuri kuliko yote. Nalaza simu kwenye begi mapajani, kichwa chake kikitazama mbele, nafungua jaribio la mchapuko usiohesabu mvutano wa dunia. Basi likiondoka stendi, mstari wa mhimili wa y (mbele na nyuma) unapanda. Likishika mwendo wake, mstari unarudi kwenye sifuri na kutetemeka hapo hapo kwa sababu ya injini na viraka vya lami, ingawa GPS inasoma kama mita 22 kwa sekunde. Dereva akikanyaga breki, mstari unazama chini ya sifuri. Kwenye kona ndipo pananifurahisha zaidi: spidi haibadiliki, lakini mhimili wa x (kushoto na kulia) unaruka, kwa kuwa kubadili uelekeo nako ni mchapuko. Grafu hizo nazihifadhi kama faili la Excel na kuzipeleka darasani.

Kwa shule isiyo na vifaa, saa yake ya sauti inatosha kabisa. Weka nati ukingoni mwa rula iliyochomoza juu ya kabati, mita 1.5 kutoka sakafuni. Gonga rula pembeni ili ichomoke ghafla: mlio wa kwanza unaanzisha saa, nati ikigonga sakafu saa inasimama. Utapata karibu sekunde 0.55. Zidisha kimo kwa mbili, gawanya kwa muda uliojizidisha wenyewe, unaipata 9.8 au jirani yake, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka. Badilisha, weka nati nzito. Muda ni ule ule. Wanafunzi wanabishana mpaka wanataka kurudia wenyewe, na hapo ndipo ninapotaka wafike.

Kasoro zipo. Saa ya sauti haivumilii kelele. Kikohozi kimoja kinaisimamisha, kwa hiyo pandisha kiwango cha sauti inayoiamsha. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu (kihisi cha kuzunguka) wala kihisi cha kanieneo ya hewa, na majaribio yanayovitegemea, likiwemo lile la kupima mwendo wa lifti, yanabaki ya kijivu, hayafunguki. Wala usitegemee kupata umbali kutoka kwenye mchapuko, maana makosa madogo ya kihisi yanajilimbikiza kila sekunde.

Mwalimu mwenye laptopu na projekta aiwashe simu hotspot, aruhusu kuendesha jaribio kutoka mbali, aunganishe laptopu na hotspot hiyo, kisha afungue humo anwani inayoonekana kwenye kioo cha simu: darasa zima litaona grafu ikijichora. Mimi naipa nyota tano.