Springi za kushushia na speisa kwenye Toyota 86: uzoefu wangu baada ya kilomita 9,000

Funga springi kwanza, speisa (vile visahani vya chuma vinavyokaa kati ya habu na rimu kusukuma gurudumu nje) baadaye. Mimi nilinunua vyote siku moja, na speisa zile za kwanza hazikutembea hata kilomita moja.

Gari ni Toyota 86, pacha wa Subaru BRZ. Injini yake ya bapa, yenye silinda zilizolala, imekaa chini sana, kwa hiyo hata likitoka kiwandani linashika barabara vizuri. Kilichokuwa kinanikera ni jinsi tairi zilivyozama ndani ya fenda, nyuma zaidi kuliko mbele, na lile pengo juu ya tairi ambalo ngumi ilikuwa inapita. Rimu ni zile zile za kiwandani: inchi 17, upana inchi 7, ofseti 48 (umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu; ikipungua, gurudumu linatoka nje), na tairi za 215/45.

Kwenye springi nilikuwa kati ya mbili: inayoshusha milimita 25 na inayoshusha 40. Ile ya 40 inapendeza machoni, sikatai. Lakini shokapu zangu ni za kiwandani, na shokapu ina safari yake. Ukiliweka gari chini kwa milimita 40, umeshakula sehemu kubwa ya safari hiyo kabla hujakutana na tuta lolote. Kinachobaki ni kile kimpira cha kwenye fimbo ya shokapu, na gari linaanza kurukaruka juu yake. Ukitaka 40, nunua na shokapu fupi zinazoendana nayo. Nikachukua 25, aina ambayo mizunguko yake imebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, ili iwe laini kwenye vishimo vidogo na ikaze kadiri inavyobonyea.

Kuzifunga si kazi ya kukimbilia. Springi ikiwa imebanwa kwenye koleo lake la kuifinya ina nguvu ya kuua mtu, kwa hiyo kama huna vifaa vya uhakika mwachie fundi. Fundi wangu alifanya jambo moja ninalomshukuru mpaka leo: boliti za mikono ya nyuma inayoshika magurudumu hakuzikaza gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Alizishikiza tu, akalishusha gari likae kwa uzito wake, ndipo akazikaza. Ukizikaza hewani, bushi, yaani mipira ya kwenye maungio, zinabaki zimejisokota muda wote gari likiwa chini, na hazidumu.

Kabla ya kazi nilipima kutoka katikati ya habu (kitovu anapofungwa gurudumu) hadi ukingo wa fenda, maana ukipima kutoka ardhini upepo wa tairi na uchakavu wake vinakudanganya. Mbele ilikuwa milimita 378. Siku ile ile ikawa 354, na baada ya wiki mbili 351. Springi mpya hulala kidogo, na ndiyo sababu nasema speisa zisubiri. Halafu kuna alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu. Gari likishuka, magurudumu hulala kwa ndani upande wa juu, hasa nyuma ambako kuna mikono miwili juu na chini. Langu lilisoma digrii −1.9 nyuma kushoto na −1.7 kulia. Mlalo huo wa nyuma haurekebishiki kwa boliti za kiwandani, ila uelekeo wa tairi, yaani zinavyotazamana, unarekebishika, na huo ndio unaomaliza mpira haraka ukiachwa vibaya. Taa za mbele pia zilikuwa zimebadilika, tulizipanga upya.

Sasa speisa. Seti ya kwanza iliandikwa 5x100 (mashimo matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100), na mashimo yote matano yaliingia bila shida. Lakini rimu ilipowekwa juu yake ilikataa kukaa. Ilisimama kwenye shingo ya speisa, ule mduara wa katikati unaoingia kwenye tundu la rimu; ukiisukuma juu inacheza chini. Kijana wa pale dukani akataka kuivuta kwa bunduki ya upepo, "itaingia tu." Nikamzuia. Tulipopima kwa venia, shingo ya speisa ilikuwa milimita 57.1. Habu ya 86 ni 56.1. Hiyo 57.1 ni ya Volkswagen, ambayo nayo ina magari ya 5x100. Milimita moja tu, lakini kama tungeilazimisha, nati zingekaa zikionyesha zimekaza huku rimu haijalala kwenye uso wake. Nilichoambiwa dukani ni kwamba mashimo yakilingana inatosha. Haitoshi, na inaniuma kufikiria wangapi wameondoka na jibu hilo. Speisa zilirudi palepale.

Mara ya pili nilipima kwanza. Nilining'iniza uzi wenye kizito kutoka ukingo wa fenda, nikapima nafasi mpaka ubavu wa tairi: nyuma milimita 24, mbele 19. Nikachagua 15 nyuma, kwa hiyo ofseti ikawa 33. Mbele nilijaribu 15 pia, za kuazima kwa rafiki, kwa wiki mbili. Kwa macho ilipendeza kuliko zote. Ila kwenye lami yenye mifereji ya malori usukani ulianza kunivuta mkono, na kila breki kwenye njia mbovu niliisikia viganjani. Gurudumu likisogezwa nje ya pale lilipokusudiwa, barabara inapata mkono mrefu wa kuuvuta usukani. Nikashuka hadi 10, na usukani ukarudi kuwa ule nilioupenda siku ya kwanza.

Kwa 10 na 15 nilitumia speisa za kuchomeka, zenye shingo yake kila moja, pamoja na stadi (zile nondo za habu zinazoshikwa na nati) ndefu mpya za M12x1.25, yaani unene wa milimita 12 na nyuzi za umbali wa 1.25. Hili usilipuuze. Kwa stadi za kiwandani na speisa ya 10, nati yangu ilishika mizunguko mitano tu. Angalau nyuzi zishike urefu sawa na unene wa stadi, na hapo ni kama mizunguko kumi. Speisa nene zinazofungwa kwa nati zake zenyewe ni nzuri pia, lakini stadi za zamani zinaweza kuchomoza kupita uso wa speisa, na kama rimu haina vishimo kwa nyuma, haitakaa.

Tulisugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka ukang'aa, tukakaza kwa msalaba kwa spana ya kipimo, Nm 120. Baada ya kilomita 100 nilirudia, na nati mbili za nyuma kushoto zilisogea kidogo. Tangu hapo hazijasogea.

Kujua kama tairi inagusa, nilipaka chaki ukingo wa ndani wa fenda, nikapakia watu wazima wawili nyuma, nikapita matuta na kukata kona usukani ukiwa umeisha. Chaki ilibaki yote.

Likiwa barabarani, gari haliinami kwenye kona kama zamani, na pua haizami ukikanyaga breki. Safari ya masaa manne bado nashuka mgongo ukiwa mzima. Bampa la mbele linataka miinuko mikali uipande kwa pembe, na mashimo makubwa nayasikia zaidi kuliko mwanzo.

Wiki iliyopita nimeona shokapu ya nyuma kulia imeanza kutoa jasho la mafuta. Zote nne zina zaidi ya kilomita 70,000, kwa hiyo siwezi kuzilaumu springi peke yake. Nitabadilisha zote nne, springi hizihizi zirudi juu yake, na nipime upya urefu. Speisa sitazigusa.