Aster V2 ya Gate: triga ya kielektroniki kwa giaboksi ya M4

Giaboksi ya toleo la pili, lile sanduku la gia linalokaa ndani ya bunduki nyingi za easofti (za mchezo, zinazorusha gololi za plastiki kwa hewa) za umbo la M4 na MP5, ina mahali pamoja pabovu kuliko pote: swichi ya triga. Ni vipande vya shaba vinavyogusana kila unapovuta, na umeme wote wa mota unapita hapo hapo. Kwa betri ya volti 7.4 vinavumilia. Weka lipo (betri ya lithiamu-polima) ya volti 11.1, cheche zinaanza kuvila, vinashika weusi, na baada ya muda bunduki inakataa kufyatua. Kuna na kero ya pili: gia zikisimama katikati ya mzunguko, wenzo unaokata umeme hubaki umeinuka na triga inakuwa kama haipo. Dawa yake ni kugeuza kichaguzi, ile swichi ya kuchagua kupiga moja moja au mfululizo, kwenye mfululizo na kupiga, jambo usilolitaka adui akiwa mita 10 mbele yako.

Aster V2, inayotengenezwa na kampuni ya Gate ya Poland, inang'oa vyote viwili. Swichi ya shaba inatoka, wenzo unatoka, na badala yake inaingia sakiti yenye vihisi vya mwanga vinavyosoma triga, gia na kichaguzi. Umeme mkubwa unapita kwenye mosfeti, swichi ya kielektroniki isiyo na vipande vinavyogusana. Hii ndiyo tofauti yake na mosfeti za bei nafuu zinazofungwa nje ya giaboksi: zile zinaiokoa shaba isiungue, ila hazijui gia imefika wapi. Aster inajua, kwa hiyo ukipiga risasi moja moja inaumaliza mzunguko kisha inakata umeme.

Kwenye mkono tofauti inaonekana mara moja. Triga inaweza kuwekwa ishike mapema, karibu bila mwendo, na gololi inatoka upesi zaidi. Ukiwa na mota yenye nguvu na betri nzuri, huhitaji tena mfululizo ili kumwagia mtu gololi. Kwa maoni yetu hapa ndipo pesa yako inapokwenda, wala si kwenye wingi wa mipangilio.

Kufunga ndiko kunakoamua kila kitu. Toa betri na magazini, toa mota kupitia kishikio, achia komeo linalozuia gia zisirudi nyuma ili springi ilegee, ndipo ufungue giaboksi huku umeishikilia springi kwa bisibisi kutoka nyuma. Safisha ganda lote kwa spiriti ya isopropili. Usiliruke hili: vihisi vya mwanga havipatani na grisi. Tone moja likiruka juu ya kihisi, bunduki inapoteza hesabu ya mzunguko au haioni triga kabisa, na watu wengi huilaumu sakiti iliyo nzima. Paka grisi kidogo tu kwenye meno ya gia na reli za pistoni, basi.

Kisha weka sakiti na gia pekee, bila pistoni, funga ganda, zungusha gia kwa kidole. Ukisikia mkwaruzo, gia inayovuta pistoni inaigusa sakiti. Ongeza au hamisha washa (vipete vyembamba vya chuma kwenye ekseli ya gia) upande wa chini mpaka pawe na nafasi ndogo, huku gia zote zikiendelea kuzunguka laini. Maganda ya viwanda mbalimbali hayalingani, na yale ya bei ya chini mara nyingine yanahitaji kupigwa tupa mahali sakiti inapokaa. Anayelazimisha skrubu hapo anaipasua sakiti.

Bamba la kichaguzi linabandikwa kipande cha stika ili kihisi kilisome. Bandika pakiwa pakavu, kisha hakikisha bamba linafika mwisho wa mwendo wake katika kila nafasi. Bunduki inayopiga moja moja hata ukiwa kwenye mfululizo, mara nyingi shida yake ni stika iliyosogea au bamba linaloishia njiani.

Waya nazo zina shari yake. Zipitishe kwenye mifereji ya ganda, mbali na gia, na usiruhusu nusu mbili za giaboksi ziubane hata mmoja. Agiza mapema toleo la waya za nyuma kama betri yako iko kitakoni, au la mbele kama iko kwenye mkono wa mbele. Plagi ndogo ya Tamiya ibadilishe uweke ya Deans. Ile ya zamani inapoteza nguvu na inapata moto.

Mipangilio inafanyika kwa kuchomeka kifaa cha USB-Link mahali pa betri, kisha unafungua programu kwenye kompyuta au simu. Anza na ulinzi wa betri, ili lipo isishuke chini ya kiwango chake. Ukiona risasi mbili zinatoka kwa mvuto mmoja, mota inaendelea kuzunguka kwa kasi yake baada ya umeme kukatwa: washa breki ya mota, au rudi kwenye volti 7.4. Breki hiyo inapasha mota joto na kula brashi zake, basi usiiwashe pasipo sababu. Kuivuta springi nusu kabla ya mvuto unaofuata kunafanya triga iwe kali ajabu, ila springi inabaki imebanwa, na mwisho wa mchezo lazima uiachie kabla ya kuhifadhi bunduki.

Sakiti hii haitibu giaboksi mbovu. Pistoni inayovujisha hewa itaendelea kuvujisha, na gia zilizopangwa vibaya zitasagika haraka zaidi kwa sababu sasa unapiga mara nyingi zaidi. Rekebisha hizo kwanza. Titan, sakiti nyingine ya Gate, ina mipangilio mingi kuliko Aster na bei yake iko juu. Kwa mchezaji wa kawaida hatuoni sababu ya kuongeza.

Walioko Ulaya waangalie sheria kabla ya kugusa programu. Uingereza, bunduki inayoweza kutoa risasi zaidi ya moja kwa mvuto mmoja, nguvu ya gololi yake haipaswi kuzidi jouli 1.3, na nyingine zote jouli 2.5. Kwa gololi ya gramu 0.20, jouli 1.3 ni kama mita 114 kwa sekunde. Ujerumani, bunduki ya zaidi ya jouli 0.5 inaruhusiwa kupiga moja moja tu, kwa hiyo huko nunua toleo ambalo mfululizo wake umefungwa kiwandani.