Bunduki ni yangu, mkono aliopima fundi si wangu

Naandika nikiwa na alama ya bluu kifuani, chini kidogo ya bega la kushoto. Siku tatu nimejikataza nisiandike. Nimeshindwa.

Bunduki yenyewe ni Remington 870, shotigani ya pampu, yaani unavuta mpini wa mbele nyuma na mbele kila unapotaka kupiga tena, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), ya marehemu baba watoto. Alipofariki niliikabidhi polisi, nikaomba leseni kwa jina langu, nikapata. Leo siyo siku ya kusimulia hiyo safari. Leseni inasema kulinda mali. Shamba liko chini ya Kikatiti, ukishuka kule tambarare, mahindi kidogo na ndama, na wageni wangu wa usiku ni fisi. Sina haja ya kuua mnyama wa mtu wala wa serikali. Nataka mlio tu, fisi ajue mwenye boma bado yupo.

Tatizo ni kwamba mimi ni mfupi, na tena ni mashoto. Kitako cha 870 kama kilivyotoka kiwandani kina urefu wa inchi 14 hivi, kutoka kwenye triga, pale pa kufyatulia, hadi mwisho wa ule mpira wa nyuma unaokaa begani. Baba watoto alikuwa mrefu kama mgrivea, kwake kilikaa vizuri. Ukitaka kujua kama kitako kinakufaa, kunja mkono, weka mwisho wa kitako kwenye kiwiko kwa ndani, uone kama ncha ya kidole inaifikia triga. Changu kiliishia hewani. Na mkono wa mbele ukiuvuta ule mpini wa pampu nikawa kama mtu anayeanika shuka kwenye kamba ya jirani.

Basi nikaenda mjini Arusha kwa fundi. Jina lake silitaji, na mtaa siutaji, maana duka kama lake si mengi.

Tumeingia, mimi mbele, mtoto wa kaka yangu nyuma, ambaye alikuja kama dereva tu. "Karibu bosi," fundi akamwambia kijana. Mimi nina miaka sitini na moja. Shikamoo sikupata. Nikaweka leseni mezani, akaisoma yote, akanitazama, kisha akamrudishia kijana. Nikamwambia mwenye bunduki ni mimi, naomba kitako kipunguzwe kwa kipimo changu. "Sawa mama, hakuna shida." Akachukua utepe, akampima mtoto wa kaka yangu mkono.

Narudia, kwa sababu hata nyumbani watu hawakuniamini. Alimpima mtoto wa kaka yangu. Kijana mwenyewe aliona haya akauvuta mkono. Fundi akasema, "Mbona iko sawa kabisa."

Nikameza. Nikauliza habari ya kitufe cha usalama. Kwenye 870 ni kile cha kusukuma kilicho nyuma ya triga, kinachopita upande hadi upande. Anayetumia mkono wa kulia anakisukuma kwa kidole cha shahada kutoka kulia kwenda kushoto, ule mviringo mwekundu unatokeza, bunduki iko tayari. Mashoto kidole chake kiko upande usiofaa, anabaki kupapasa. Usiku, fisi yuko zizini, wewe unapapasa! Vitufe vilivyogeuzwa kwa ajili yetu vipo, kiwanda chenyewe kimewahi kuvitengeneza, nami nilishaona kwa macho yangu. Fundi akacheka. "Hakuna kitu kama hicho, mama. Labda ubadilishe mkono."

Nibadilishe mkono. Mwalimu wa darasa la pili alinichapa fimbo za vidole kwa neno hilohilo, na mkono haukubadilika.

Hapo ndipo nikaanza kuitamani Mossberg 500, shotigani ya pampu pia, ya jirani yangu, mlinzi mstaafu. Aliwahi kuniruhusu kuishika, tupu, chemba (pale risasi inapokaa) wazi, yeye amesimama pembeni. Kitufe chake kiko juu, mgongoni, pale pale kidole gumba kinapolala, na kidole gumba hakiulizi wewe ni wa kulia au wa kushoto. Ile kishikio ya kufungulia pampu nayo iko nyuma ya triga, kwenye 870 iko mbele. Mwili wake ni wa aluminiamu, mwepesi kubeba. Ubaya wake mpini una ulegevu, unacheza-cheza, ukitembea nayo inalia kama masufuria kwenye buti la Noah. Ya kwangu ni chuma kitupu na inateleza kama mlango wa benki. Aina hii ilianza kutengenezwa 1950, imenitangulia kuzaliwa, na siku nyingine naona ndiyo sababu hainiheshimu.

Kusema kweli, ungeniuliza siku ile ningekwambia nunua Mossberg na uachane na hizi nyingine zote. Leo siko na uhakika.

Tuendelee na kitako. Nilimlazimisha akate. Akasema njoo Ijumaa. Ijumaa nikakuta amekata kwa macho, hakunipima hata mara moja, na mpira mpya amefunga mnene kuliko mbao. Kitako huwa chembamba kadiri unavyokwenda mbele, kwa hiyo ukikikata, mpira lazima usagwe ufuate umbo jipya. Yeye hakusaga. Ulitokeza pande zote kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa uji. Laki na nusu.

Lakini hilo ni la sura tu. Kosa lenyewe ni mshazari. Mwisho wa kitako haukatwi hovyo. Ncha ya chini ikitokeza nyuma kuliko ya juu, teke la bunduki haliendi begani, linaingia kifuani. Kwa mwanaume labda ataguna. Kwa mwanamke, wanawake wenzangu mnajua ninachosema. Nikapiga moja kwenye ukingo wa korongo, machozi yakanitoka. Nikavuta pampu nipige ya pili, ganda likakwama.

Kesho yake nilirudi mjini na maneno niliyoyapanga njia nzima, kuanzia Usa River mpaka mataa ya mjini. Niliyatoa yote. Wateja wawili walitoka nje. Fundi hakujibu. Akachukua risasi bandia za mazoezi, akaweka mbili, akanipa. "Vuta." Nikavuta. Ikakwama tena. Akasema, "Unavuta nusu, mama. Pampu haibembelezwi. Irudishe mpaka ifike mwisho, kwa nguvu, halafu isukume hivyohivyo." Nikavuta kama anavyosema. Ganda likaruka. Mara kumi, kumi zote zikaruka. Kisha akaingiza burashi kwenye chemba, akanionyesha uchafu uliotoka, kutu na mafuta yaliyoganda tangu enzi za marehemu. Hiyo hakunitoza.

Sasa nifanye nini na mtu kama huyo? Kukwama kulikuwa kosa langu, na la baba watoto kidogo. Alilijua kabla sijamaliza kufoka, akaniacha nimalize. Sijui kama huo ni uungwana au dharau nyingine.

Kitako hakukigusa lakini. Alisema "utazoea". Nikakitoa mwenyewe nyumbani: unafungua skrubu mbili za mpira, ndani kuna bolti ndefu, unahitaji bisibisi ya mkono mrefu. Bunduki ikabaki kwenye kabati lake, kufuli mbili, mimi nikaenda Tengeru na kipande cha mbao tu kwenye kikapu, juu ya ndizi, kwa seremala wa vitanda. Hajawahi kushika bunduki maishani. Nikamweleza. Jambo la kwanza alilosema: "Shikamoo mama. Unatumia mkono upi?" Akanipima kiwiko hadi kidole, mara mbili. Akachonga ukingo wa chini kidogokidogo, akaniambia nijiegemeze, akachonga tena. Mpira akausaga kwa msasa mpaka kucha haisikii inapoishia mbao. Alichukua elfu ishirini, na ndizi.

Nimepiga moja tangu hapo. Begani, panapotakiwa. Hii bluu ni ya zamani, inaanza kuwa njano.

Kwa hiyo nilianza nikitaka kuwaambia msiende kwa yule fundi kabisa. Kwa chemba na mashine ya ndani, nendeni, anajua kuliko wengi. Kwa kitako, msimpe hata fimbo ya kutembelea aikate. Na kama wewe ni mama, nenda peke yako, usimpe mwanaume wa kumsalimia.

Nilikuwa nimeishia hapo. Jana jioni amepata kile kitufe cha mashoto ambacho hakipo. Anasema kinaagizwa, nusu ya hela itangulie. Ujumbe kautuma kwenye simu ya mtoto wa kaka yangu.