Shimo la Tewa na Bastøy: jela mbili kando ya maji

Zote mbili ziko pwani. Shimo la Tewa, pale Shanzu, Mombasa nchini Kenya, kabla ya daraja la Mtwapa, ni jela ya ulinzi mkali: ukuta, minara, mageti, mahabusu na wafungwa. Mgeni huja, hupekuliwa, huzungumza kwa muda mfupi, basi.

Bastøy ni kisiwa katika ghuba ya Oslo, Norway, na ni jela ya wazi. Wafungwa hukaa kwenye nyumba za mbao, hujipikia chakula cha jioni, hulima, hufuga ng'ombe, hupasua kuni. Hata kwenye feri hufanya kazi wenyewe (hebu fikiria feri ya Likoni iendeshwe hivyo!). Wengi huhamishiwa huko kumalizia vifungo virefu, wakiwamo wauaji. Anayejaribu kutoroka hurudishwa kwenye jela ya kufungiwa, na hofu hiyo inafanya kazi kuliko ukuta.

Zamani kisiwa hicho kilikuwa shule ya wavulana watukutu. 1915 waliasi, jeshi likaitwa. Shimo la Tewa nako kuna borstal, yaani taasisi ya kurekebisha vijana waliovunja sheria.

Kama tungejaribu mtindo wa Bastøy hapa, mimi ningeanzia na hao wa borstal: shamba, boti, na jiko lao wenyewe.