Unga wa kuotesha mizizi, duka la pembejeo Mtwara mjini

Jamani huu unga unafanya kazi kweli, nilichovya vipandikizi vya asumini nikaviweka kivulini, baada ya wiki nne nimefukua kimoja nakuta mizizi myeupe kama nyuzi imejaa pale chini, vile ambavyo sikuchovya karibu vyote vimeoza. Ndani kuna oksini, homoni ya mimea, ikiingia kwenye seli inakaa kwenye protini inaitwa TIR1 kama gundi, basi TIR1 inazishika protini zinazozuia jeni zisifanye kazi, zinavunjwa, jeni zinafunguka ndo mizizi inaanza, wanasayansi wa Marekani na Uingereza walionyesha 2005 kwamba oksini inajishika kwenye TIR1 yenyewe. Ila muuzaji anapimia kwenye kimfuko hakina lebo wala tarehe, arekebishe hapo. Na msizidishe, nilivyopaka unga mwingi vilidumaa.